Presha ya Mama

Bukavu ya ujana wetu haikuwa mji wa kufichia mpenzi. Aliyeuona anajua: rasi tano zimeingia ziwa Kivu kama vidole vya mkono, milima imeusukuma mji mpaka majini, na mtu akitaka kwenda popote lazima apite Avenue Lumumba, ambako kila mtu mwingine naye anapita. Ukimsindikiza binti jioni kutoka Nyawera hadi Place Mulamba, umeshapita mbele ya muuza mikate, mshona viatu, masista wanaorudi salani, mwalimu wako wa darasa la nne, na shangazi mmoja wa mbali ambaye jina lake umelisahau lakini yeye analijua la kwako na la ubatizo. Unaagana na binti, unapanda mlima kurudi Kadutu, unajipongeza. Unafika nyumbani, Mama yuko kwenye kigoda kando ya mbabula, anapepea makala kwa mfuniko wa sufuria, wala hageuki.

"Ule binti wa sweta ya kijani," anasema. "Ni mutoto wa nani?"

Niseme mapema kwamba majina ya ndugu zangu sitayataja. Wengine wako hai, wana wake, na wake zao wanajua kusoma. Nitasema kaka mkubwa, dada mkubwa, kitinda mimba, na wewe utaelewa. Tulikuwa wengi, kama nyumba zote za Kadutu wakati ule: vyumba viwili na saloo, bati juu, na mvua ikianza kupiga hamsikizani tena, mnakaa tu mkitazamana mpaka ipite. Baba alikuwa mfanyakazi wa Pharmakina, kiwanda cha kwinini, na jioni shati lake lilinuka uchungu wa magome ya mkwinini; sisi watoto tulidhani baba wote wa dunia wananuka hivyo. Hakuwa mtu wa maneno. Katika mambo ya mapenzi ya watoto wake nilimsikia akitoa fatwa moja tu, ileile, miaka yote: "Muulize mama yako."

Na Mama hakuhitaji kuulizwa. Aliuza bikwembe, yaani vitenge, soko la Kadutu. Alikuwa akivileta kutoka Bujumbura, safari ya lori kwa njia ya Ngomo, ile barabara ya mawe inayoning'inia juu ya makorongo kabla ya kushuka Kamanyola na bonde la Ruzizi, ambako joto linakupiga usoni ghafla na unavua sweta. Alirudi na marobota yenye harufu ya wanga mpya, ya vumbi, na ya ndagala, kwa sababu daima kulikuwa na mtu kapakia ndagala wa Uvira kwenye lori hilohilo. Basi mwanamke wa bikwembe anajua mambo. Anajua nani anaoa, kwa kuwa ndiye anayeuza nguo za sare. Anajua nani amefiwa. Anajua nani alichukua vitambaa kwa mkopo tangu Pasaka na sasa akimwona anapita njia ya Nyamugo. Mama hakuwa na gazeti wala hakulihitaji. Akitaka kujua ukoo wa kijana fulani wa Bagira, anamnong'oneza muuza mawese aliye jirani, huyo anamuuliza muuza sombe, na kabla ya saa za kufunga meza habari imerudi, imeoshwa na kukunjwa: babu alitoka Walungu, mama ni mtu wa Katana, mjomba alifungwa kidogo kwa ajili ya ng'ombe asiye wake, kijana mwenyewe hana neno ila anapenda kasiksi.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipofuta majina ya kizungu, kaka mkubwa alifurahi. Si kwa siasa. Alidhani sasa uchunguzi wa Mama utavurugika, maana mji mzima ulikuwa umejaa akina Jean-Pierre na Marie-Louise ambao wameamka asubuhi wakiitwa vingine. Ikawa kinyume. Jean-Pierre alikuwa jina la kujifichia. Jean-Pierre anaweza kutoka popote, Kabare au Kasai. Jina la babu linamtaja mtu kijiji, ukoo, na mara nyingine hata sababu ya ugomvi wa wazazi wake siku aliyozaliwa. Mama hakuupenda utawala ule, alikuwa akilalamika kila bei ya mafuta ya taa ilipopanda, lakini kwa jambo la majina alimpa Mobutu haki yake.

Wachumba waliofika nyumbani, yeye naye aliwapa majina yake. Kulikuwa na Bwana Miwani. Kulikuwa na Pikipiki, ambaye alikuja na Yamaha ya kuazima na ikaonekana ni ya kuazima. Kulikuwa na Nitarudi, maskini, aliyetoka mara moja kwenda kununua soda na hakuonekana tena. Majina hayo yalishika kiasi kwamba hadi leo nikikutana na Bwana Miwani pale Feu Rouge, mzee mwenye fimbo na wajukuu, lazima nijizuie.

Mtihani wenyewe ulikuwa mezani. Mgeni anakaribishwa, anaketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, Mama anatoka jikoni na bugali wa muhogo na unga wa mahindi, lenga-lenga, na sahani ya sambaza wa kukaanga. Halafu anakaa ng'ambo, mikono mapajani, anatazama. Anayekula sambaza mzima, kichwa na mkia, huyo ni mtu wa nyumbani. Anayetoa vichwa na kuvipanga ukingoni mwa sahani amelelewa kwa maringo, na mke wake atateseka. Anayekula haraka ana njaa kwao. Anayekula polepole anaficha jambo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hao sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutiwa majini na wazungu. Nilimweleza Mama. Alifikiri kidogo, akasema: "Lakini wao walikuja wadogo, wakalelewa hapa."

Ukitaka kujua Bukavu ya wakati ule ilivyokuwa tamu, simama usiku wa giza kwenye mteremko wowote unaotazama ziwa. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakitoka na mitumbwi yao mitatu-mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji, nao wakipiga makasia na kuimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na sauti zinapanda mpaka mlimani. Wavuvi bado wapo na bado wanaimba, ila sasa muziki wa baa na jenereta umewafunika. Sisi wasichana tulikuwa tukitoka nje kwa kisingizio cha kwenda kuanua nguo. Kijana wa jirani naye alikuwa na nguo zake za kuanua. Mnasimama kila mtu upande wake wa ua wa miyenzi, mnasikiliza, hamsemezani. Na kutoka ndani: "Hizo nguo bado hazijakauka?"

Sasa nije kwenye presha. Mama hakuwahi kusema hapana. Nataka hilo lieleweke, maana wageni huwafikiria mama wa namna hii kuwa ni watu wa kupiga kelele. Wa kwetu alikuwa mpole kama padri. Alisema, "Miye sina shida naye. Ni mutoto muzuri." Kisha akajinyoosha kitandani, akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu, na presha ikapanda. Presha yake ilikuwa na kalenda. Ilipanda Jumapili mchana ikiwa mchumba ameahidi kuja saa tisa. Ilipanda usiku wa kuamkia siku ya kupeleka pombe ya posa. Kaka mkubwa aliwahi kumleta muuguzi na kile chombo cha kupimia. Yule bwana akapampu, akasikiliza, akasema mama mzima kabisa. Mama akafungua jicho moja. "Wewe nawe," akamwambia, "umeoa?"

Kisa cha kaka mkubwa ndicho nilichokishiriki zaidi, kwa hiyo nitakisimulia polepole. Alikuwa mwanafunzi Kisangani, kwenye kampasi ya UNAZA, kile chuo kikuu cha taifa kilichoundwa 1971, na huko akampata binti Mulega, mtu wa Mwenga. Kwa asiye wa kwetu itaonekana ni kitu kidogo. Mwenga na Bukavu ni mkoa mmoja. Lakini nyumbani mwetu, kwa Mama, sisi Washi tulioa Washi, na ukivuka mipaka ya Ngweshe na Kabare unaanza kutembea gizani. Alikuwa na orodha ya kasoro za Walega kama vile mama za Walega walivyokuwa na orodha ya kasoro zetu, na siku moja katika soko nilisikia orodha zote mbili zikisomwa na wauzaji wawili waliopakana meza, wakicheka, huku wakigawana muhogo wa kuchoma.

Likizo kubwa ilipofika, kaka akarudi Bukavu na binti akarudi kwao, barua zikaanza kuja kwenye sanduku la posta la Baba. Ufunguo wa sanduku hilo Mama aliufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, fundo pamoja na pesa za sokoni. Tatizo lake lilikuwa moja: barua ziliandikwa Kifaransa. Mama alisomeshwa na masista miaka michache, akajua kusoma kitabu cha sala cha Kiswahili, basi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, wa kwanza kelasini. Akanipeleka nyuma ya nyumba, karibu na banda la sungura, akafungua bahasha kwa mvuke wa birika, na kunikabidhi.

"Soma. Usiruke."

Nikatazama. Mstari wa kwanza tu masikio yangu yakapata moto. Kwa umri ule sikujua kwamba watu wazima huandikiana mambo hayo, tena mtu na kaka yangu, mtu ambaye alikuwa akisahau kuosha miguu. Nikakohoa. Nikaanza kusoma kwa sauti barua nyingine kabisa, niliyoitunga palepale: binti anawasalimu wazazi, anauliza afya ya Mama, anasema mitihani ya biolojia ilikuwa migumu, anaomba kaka amsaidie daftari.

"Karatasi nne za biolojia?" akauliza Mama.

"Ni masomo marefu, Mama."

Likizo nzima nikawa mtunzi. Kila barua iliyofika ilizungumzia mitihani, kanisa, na mafua ya mdogo wake, mdogo ambaye sikujua kama yupo. Nilimpa binti yule uchaji, nikampa bidii, nikampa mama mgonjwa anayemtunza. Mama alianza kusikiliza kwa namna nyingine. Sokoni nilimsikia akimwambia muuza mawese: "Shida ni kabila tu. Lakini kwa kusoma, ule mutoto anasoma." Kaka hakujua lolote, yeye aliona bahasha zikimfikia zimekunjamana kidogo, akalaumu posta.

Hakungoja ruhusa, hata hivyo. Alipopata kazi huko Kisangani wakaandikishana komini, na Mama akapata habari kwa mtu aliyeshuka ndege Kavumu. Presha ya mara hiyo ilichukua wiki. Baadaye wakaja, na mtoto mchanga, na mwanamke mwenyewe, mrefu, mkimya, aliyevua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Mama hakumsalimu kwanza. Alimpokea mtoto, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamkagua kama robota la bikwembe, mbele na nyuma, akamkunja sikio. "Masikio ni yetu," akasema. Kisha akamtazama mke. "Na mama yako, anaendelea vizuri?" Mkamwana akasema mama yake ni mzima, hajawahi kuugua. Mama akageuza kichwa polepole akanitafuta. Nilikuwa tayari nimeshafika kwenye banda la sungura.

Dote, yaani mahari, ilipelekwa Mwenga mtoto akiwa ameota meno. Na hao wawili, Mama na mkamwana wake Mulega, walikuja kupatana kiasi ambacho kaka alikijutia, kwa sababu kila alichofanya kilijulikana pande zote mbili. Walichambua mchele pamoja, walikwenda misa pamoja. Yule dada alijifunza lugha yetu ya Mashi mpaka akaweza kututania. Mama alipoanza kusahau mambo, uzeeni, jina la mkamwana huyo lilikuwa la mwisho kumtoka.

Kwa upande wangu, niliolewa bila vita, na mpaka leo sijui kama nilichagua au nilichaguliwa. Mume wangu alikuja nyumbani kutengeneza redio. Alifungua kile kisanduku mezani, nyaya nje, harufu ya risasi iliyoyeyuka ikajaa saloo, Voix du Zaïre ikarudi ikiimba. Mama akamletea Primus. Akasema asante, atakunywa maji. Nilikuwa chumbani nashona vifungo, sikumwona hata uso, lakini nilisikia Mama akimuuliza, kwa sauti ile ya upole, "Na weye, ni mutoto wa nani?" Ikabidi redio iharibike tena baada ya wiki mbili. Redio iliyokuwa nzima.

Kwenye meza ya dote yangu wazee walizungumza ng'ombe mpaka usiku, ingawa kila mtu pale alijua kwamba wanaozungumzwa ni wa noti, na noti zenyewe zilikuwa zikipoteza thamani tukiwa tumekaa. Mbuzi tu ndiye alikuwa mbuzi. Ilipokuja Sheria ya Familia ya 1987, ikiandika kwamba mchumba na jamaa yake wapatane na wazazi wa binti juu ya dote, jirani yetu karani wa komini alikuja kumsomea Mama kifungu hicho kama zawadi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema serikali imechelewa, lakini ni vizuri imefika.

Umecheka? Nami hucheka nikisimulia. Lakini kuna dada mkubwa, na hapo kicheko changu hukatika.

Dada mkubwa alikuwa mwalimu. Mwenzake wa shule, kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona, alimpenda kwa namna ya adabu iliyokuwa ikituchosha hata sisi watazamaji. Alikuja Jumapili baada ya misa, akala sambaza mzima, kichwa na mkia. Baba yake alikuwa Mshi wa Nyangezi. Mama yake alitoka Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Cyangugu. Wakati huo daraja lilikuwa kitu cha kuvuka kununua maziwa na sukari. Watu wa huku walizika huko na wa huko walioa huku. Lakini soko lilipomletea Mama habari hiyo, imeoshwa na kukunjwa, presha ilipanda na haikushuka. Si ya Jumapili tu. Ilikuwa ya kila siku, usiku dada akikaa naye, akimpoza kwa kitambaa cha maji. Hakuna aliyetamka neno. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980; huko Kinshasa walikuwa wametunga sheria ya uraia ya 1981, iliyomtaka mtu aonyeshe kwamba kabila la wazee wake lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi tangu tarehe 1 Agosti 1885. Serikali nzima ilikuwa inauliza swali la Mama, tena kwa muhuri.

Yule kijana aliacha kuja. Hakuna aliyemfukuza. Dada aliendelea kufundisha, mwaka baada ya mwaka, kwa chaki na mshahara uliokuja ukitaka. Wachumba wengine walijitokeza, na sasa Mama ndiye aliyekuwa akiwasifu. Dada aliwapakulia chakula, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi kuosha vyombo.

Kisha ikaja 1994, wakimbizi wa Rwanda wakijaa kuanzia daraja la Ruzizi mpaka uwanjani mwa kila shule, moshi wa mikaratusi iliyokatwa mbichi ukituumiza macho. Ikaja Oktoba 1996, vita vikaingia mjini, askofu mkuu Munzihirwa akauawa tarehe 29, na sisi tukatembea kwa miguu na magodoro kichwani. Huko njiani, kwenye kizuizi, vijana wenye bunduki walitusimamisha na kumtazama kila mtu pua na urefu. "Weye ni mutoto wa nani? Mama yako anatoka wapi?" Mama alikuwa mbele yangu. Alijibu kwa sauti kavu, akataja ukoo wake na wa Baba mpaka kizazi cha nne, tukapita. Tulipofika mbali alikaa chini kwenye jiwe, akavua viatu. Tangu siku ile sikumsikia tena kumuuliza mtu swali hilo kwa namna ileile. Aliuliza, ndiyo, hakuwa malaika. Lakini alianza na mengine kwanza: unafanya kazi gani, unakaa na nani.

Mwalimu yule mwenye mwandiko hatukumsikia tena. Dada naye sasa tunaishi wote, ni wajane wawili ingawa mmoja hakuolewa. Nilimuuliza mara moja tu kama alimsamehe Mama. Alikuwa anachambua maharage. "Alikuwa anaumwa," akasema. Sikujua anasema kwa kejeli au kwa kweli, na uso wake haukunisaidia. Mimi kwa hilo sijasamehe sana.

Simu za mkononi zilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, Vodacom na Celtel, tulidhani zitampa Mama nguvu mpya. Alinunuliwa moja, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe palepale palipokuwa na ufunguo wa posta. Alijifunza kubipu; kitinda mimba, aliyekuwa Kinshasa, alikuwa akibipiwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mtu asiyeamka saa hiyo hayuko peke yake. Lakini simu ilimshinda, na alijua imemshinda. Huwezi kunusa mtu kwenye simu. Huwezi kuona anavyokula. Na soko lake lilikuwa limetawanyika: muuza mawese alifia ukimbizini, muuza sombe alikwenda kwa mwanawe Kampala, na kwenye meza zao walikaa vijana waliotoka vijijini wakikimbia, wasiojua ukoo wa mtu yeyote ila wao. Kadutu ilijaa mpaka nyumba zikapanda juu ya nyumba. Mtu angeweza sasa kumsindikiza binti kutoka Nyawera hadi Place Mulamba akiwa amemshika mkono, na asionekane na yeyote anayejali.

Mpwa wangu akaenda Ubelgiji kusoma. Siku moja akatuma picha ya mchumba wake kwa kompyuta. Tukaichapisha sayiba, tukampelekea Mama, aliyekuwa amelala sana siku hizo. Kijana Mfulemi, nywele nyekundu, anacheka, amevaa shati la bikwembe lisilomkaa. Mama akaishika karibu na jicho lake zima. Tukasubiri. Tulitaka sana, nakuambia kweli, tulitaka presha ipande. Kaka mkubwa alikuwa ameinama, amekunja mikono kama mtoto aliyengoja hukumu ya mwingine.

"Huyu," akasema Mama, "kwao kuna nani wa kumuuliza?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaweka picha chini ya mto. "Basi alete mbuzi." Na mbuzi alipatikana, kwa pesa ya Western Union, akachinjwa Kadutu, Mfulemi akatumiwa picha yake. Mama alikufa 2011, wakati wa mvua, akiwa hajaumwa presha hata siku moja kwa kipimo cha daktari.

Harusi za siku hizi ni fupi. Tangu mji ulipobadilisha watawala tena Februari 2025 na benki kufunga milango, watu wanaoana kwa sahani chache, wengine wanavuka tu na begi na kukutana na mchumba Kigali au Kampala, jamaa wanapata habari kwa picha. Siwalaumu. Mtu anaolewa akiwa na nafasi. Ila kuna meza nyingi za dote ambazo nilitarajia kukaa nikiwa mzee, nikakohoa, nikakataa mbuzi anayechechemea, na sitakaa.

Mwanangu yuko Lubumbashi. Mwezi uliopita akaniambia amepata mtu. Mdomo wangu ukajifungua wenyewe, nikauliza, ni mutoto wa nani? Akasema, "Mama, tafadhali." Akanitumia namba. Nikaitazama namba ile siku mbili. Nilipita Nyamugo nikiwa nimejisingizia kununua vitunguu, nikatazama zile nyuso za meza hadi meza, Lubumbashi? Wangenishangaa. Basi nikanunua unite, nikaketi nyuma ya nyumba, nikampigia.

Akapokea. Sauti ya Katanga, Kiswahili cha huko kinachovutwa mwishoni. Akanisalimu vizuri, akauliza mvua, akauliza dada. Nilikuwa nimeandaa maswali yangu kwa mpangilio, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Akanitangulia.

"Mama, ni vizuri umenipigia. Miye nilikuwa natafuta mtu wa kumuuliza. Mtoto wako, ni mtu wa namna gani kabisa?"

Nikavuta kigoda karibu na ukuta. Nikamwambia ukweli: kwamba anakoroma, kwamba ana moyo mzuri lakini husahau kuosha miguu kama mjomba wake, kwamba alimtunza baba yake katika ugonjwa mpaka mwisho, kwamba usimwamini akisema yuko njiani. Akawa anacheka, anaitika, ee Mama, ee Mama. Unite zikaisha kabla sijafika kwenye madeni.